Mkate Wenye Chuma: Juu ya Kuunganisha Kazi za Mhusika

Utangulizi

Kwa muda wa miezi kadhaa wanafunzi watano wa uzamili walikuwa wakikutana kila Jumamosi alasiri katika chumba cha kupanga huko Kamakwa, mjini Nyeri, kucheza mchezo ambao mwenye nyumba aliudhania kuwa kamari kwa sababu ya dadu alizozisikia zikigonga meza. Haukuwa kamari. Mmoja wao, aliyeitwa msimulizi, alieleza mahali na tukio. Wanne waliobaki, kila mmoja akiwa na mhusika wake ambaye sifa zake zimeandikwa katika karatasi, walieleza mhusika huyo anatenda nini. Na pale ambapo matokeo hayakuweza kuamuliwa kwa hoja, dadu ya pande 20 ilirushwa. Mchezo wenyewe, Dungeons & Dragons, ulibuniwa Marekani na Gary Gygax na Dave Arneson, ukachapishwa mwaka 1974.

Kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi mchezo huu si mgeni kama unavyoonekana. Ni ngano ambayo wasikilizaji wake wamekataa kubaki wasikilizaji. Isitoshe, nyanda za Mlima Kenya zilikuwa na mchezo wao wa maneno, gicandi, ambapo washairi wawili wenye vibuyu vya kutikisa vilivyochorwa alama walipambana kwa mafumbo mbele ya watu. Ngugi wa Thiong'o aliukopa utanzu huo alipomfanya mwimbaji wa gicandi kuwa msimulizi wa riwaya yake Caitaani Mutharaba-ini (1980). Kwa hiyo wanafunzi wa Kamakwa hawakuwa wakifanya jambo ambalo bibi zao wasingelielewa, ijapokuwa kitabu cha kanuni kilitoka mbali.

Makala haya yanahusu mzozo mmoja uliozuka katika meza hiyo, nao ulikuwa juu ya swali linaloonekana dogo: je, mhusika mmoja anaweza kuwa na kazi mbili kwa wakati mmoja, na akiwa nazo, analipa nini? Inadaiwa hapa kwamba swali hilo si la wachezaji peke yao. Ni swali la uhakiki, na katika mji wa Nyeri ni swali ambalo familia nyingi bado hazijalijibu.

Kazi na Kanuni

Toleo la 1974 lilikuwa na kazi tatu: mpiganaji, mlozi na kasisi. Mwizi aliongezwa mwaka 1975. Kazi huamua mhusika anaweza nini na hawezi nini. Mpiganaji huvaa deraya na kutumia silaha yoyote. Mlozi anayajua maneno yenye nguvu lakini havai deraya. Kasisi anaponya, ila hakuruhusiwa kutumia silaha yenye makali. Kiingereza kina neno moja tu kwa dhana hii na kwa tabaka la kijamii, na wanafunzi hao, waliolelewa na walimu wa uhakiki wa Kimaksi, walianza kwa kusema "tabaka". Haikuchukua muda wakaliacha neno hilo. Tabaka, walisema, ni pale mtu anaposimama katika mgawanyo wa mali. Kazi ni kile anachojua kutenda. Mtu anaweza kuwa na kazi tatu na akabaki katika tabaka lile lile la chini. Hata hivyo, kama itakavyoonekana, maneno hayo mawili hayakutengana kabisa.

Kanuni za kuunganisha kazi zimebadilika mara kadhaa, na kila badiliko lina nadharia yake ya uhusika. Katika kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978, viumbe wa ngano wasio binadamu waliruhusiwa kuwa na kazi mbili au tatu kwa pamoja, ila alama zao za tajiriba ziligawanywa sawasawa kati ya kazi hizo, hivyo wakapanda ngazi polepole. Binadamu hakuruhusiwa. Yeye aliweza tu kuiacha kazi ya kwanza na kuanza ya pili kutoka ngazi ya chini kabisa. Na iwapo, kabla ya ngazi ya kazi ya pili kuipita ile ya kwanza, angeshikwa na haja akautumia ujuzi wake wa zamani, basi tajiriba yote ya safari hiyo ilipotea. Kwa maneno mengine, binadamu alitakiwa ajisahau kwanza ndipo akubaliwe kuwa mtu mwingine.

Toleo la tatu la mwaka 2000 liliuondoa mpaka huo: yeyote, kila apandapo ngazi, aliweza kuchukua ngazi hiyo katika kazi yoyote, na adhabu ikabaki kwa yule tu aliyeziacha kazi zake zipishane mno. Toleo la tano la mwaka 2014 likaifanya kanuni hii kuwa ya hiari, na kudai kiwango cha chini cha kipawa, yaani alama 13, katika sifa zinazohusiana na kazi zote mbili. Mchezo mwingine, RuneQuest, uliotoka mwaka 1978, ulikuwa umelikwepa swali lenyewe: hauna kazi hata kidogo, bali kila ujuzi hukua kwa kutumiwa.

Msomaji wa Kiswahili ataona kwamba kanuni ya 1978 ina mawakili wengi katika methali zetu. Njia mbili zilimshinda fisi. Mshika mbili moja humponyoka. Mtaka yote hukosa yote. Lakini methali hizi, zikitazamwa kwa makini, zinamzungumzia mwenye tamaa. Fisi alifuata harufu mbili za nyama kwa hiari yake. Hazimzungumzii mtu aliyewekwa katika njia mbili na wengine, akaambiwa atembee.

Uhakiki wetu nao umesaidia kidogo tu. Tangu E. M. Forster alipowagawa wahusika kuwa bapa na duara katika kitabu chake cha 1927, na wahakiki wa Kiswahili wakauchukua mgawanyo huo, mhusika amekuwa akipimwa kwa kukua kwake: alikuwa hivi, tukio likampata, akawa vile. Kipimo hicho ni cha mfululizo. Kinafaa kwa binadamu wa 1978, anayeacha na kuanza. Hakituambii mengi juu ya mhusika ambaye ni watu wawili siku moja, katika soko moja.

Mkate

Wahusika wa namna hiyo, hata hivyo, wamo katika fasihi yetu tangu zamani. Wa kwanza anayekuja akilini ni Fumo Liyongo, ambaye mwanafunzi wa Kiswahili hukutana naye popote asomapo, awe Lamu au Karatina. Katika utendi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, Liyongo ni mpiga mishale na shujaa wa vita, na papo hapo ni malenga. Akiwa gerezani anamtungia mamake ujumbe wa shairi na kumpa kijakazi, Saada, aufikishe: atiwe tupa ndani ya mkate wa wishwa. Walinzi wanaichukua mikate mizuri na kumwachia mfungwa ule wa wishwa. Kisha anawatungia watu wimbo wa ngoma ya gungu, na katika vishindo vya ngoma hiyo anaikata minyororo yake. Hapa ushairi si pambo la ushujaa. Malenga ndiye anayemfungua mpiganaji. Bila ya kazi moja, nyingine ingeozea kifungoni.

Mfano wa pili umetokea Nyeri kwenyewe. Katika tamthilia ya Ngugi wa Thiong'o na Micere Githae Mugo juu ya kesi ya Dedan Kimathi, iliyochapishwa mwaka 1976 na kutolewa kwa Kiswahili mwaka 1978 kwa jina la Mzalendo Kimathi, Mwanamke asiye na jina anapita katika vizuizi vya askari akiwa mwanakijiji wa kawaida, na baadaye anaonekana akiwa muuza matunda. Ndani ya mkate anaomkabidhi Mvulana kuna bastola. Ni vigumu kumsoma Mwanamke huyu bila kumkumbuka Saada, ingawa tamthilia haimtaji: mkate ule ule, chuma kile kile, na walinzi wale wale wanaodhani kwamba anayebeba chakula hana kazi nyingine.

Jambo la kuzingatia katika matini hizi mbili ni nani anajua. Mhusika mwenye kazi mbili anaishi kwa sababu watu wengi wanaona moja tu. Walinzi wanaona wishwa. Askari wanaona matunda. Lakini lazima awepo angalau mmoja anayeziona zote mbili: kwa Liyongo ni mamake na Saada, katika tamthilia ni Mvulana, ambaye mwanzoni hajui amebeba nini na ambaye safari yake yote ni ya kufanywa shahidi. Pasipo shahidi huyo hakuna hadithi. Kungekuwa na muuza matunda, na kungekuwa na bastola iliyookotwa mahali.

Kesi halisi inalithibitisha jambo hili kutoka upande wa pili. Kimathi, aliyezaliwa Tetu mwaka 1920, alikuwa ameshika kazi nyingi: mwalimu, karani, askari kwa muda mfupi, mwanachama wa KAU, kamanda, na msituni mtunzaji wa kumbukumbu aliyesisitiza kwamba mambo yaandikwe. Alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956 na kushtakiwa Nyeri mwezi uliofuata kwa kosa la kupatikana na bastola na risasi kinyume cha sheria. Rekodi ya kesi hiyo, iliyochapishwa mwaka 2017, inaonyesha mahakama ikipima jambo moja tu: alikuwa nayo au hakuwa nayo. Alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Mtu wa kazi sita aliingia mahakamani na kutoka akiwa na moja. Tamthilia ya 1976 inaweza kusomwa kuwa jitihada ya kumrudishia zile tano.

Kamatimu wa Usiku

Mzozo wa Kamakwa ulianza pale mmoja wa wachezaji, mwanafunzi wa kike aliyekuwa akiandika tasnifu juu ya tamthilia hiyo, alipoleta mhusika mpya. Nchi ya mchezo wao ilikuwa ya kubuni, yenye mlima, msitu na boma lenye handaki. Mhusika wake alikuwa mlinzi wa boma, mwenye mkuki na mshahara, na pia mchukuzi wa chakula kwa waliojificha msituni. Hakuwa ameiacha kazi ya kwanza akaingia ya pili. Alikuwa zote mbili, usiku mmoja, katika zamu moja.

Msimulizi, aliyependa kufuata kitabu cha 1978 kwa sababu alikiona kuwa na nidhamu, alimkatalia. Mhusika ni binadamu; achague. Mwenzao mwingine akapendekeza kanuni ya mwaka 2000: achukue ngazi moja ya ulinzi na moja ya uchukuzi, basi yaishe. Mwanafunzi akayakataa mapendekezo yote mawili, jambo lililowashangaza, na ndipo akaeleza.

Babu yake alikuwa kamatimu, yaani mmoja wa walinzi walioandikwa na serikali ya kikoloni tangu mwaka 1953 kupambana na Mau Mau. Watu walipohamishiwa kwa nguvu katika vijiji vyenye ulinzi kuanzia mwaka 1954, na handaki refu likachimbwa kandokando ya msitu wa Mlima Kenya kwa kazi ya lazima, wengi wa wachimbaji wakiwa wanawake, babu alilinda sehemu yake ya handaki hilo. Kwa mujibu wa bibi, aliyemsimulia mjukuu wake akiwa amekwisha zeeka, usiku wa zamu yake aliacha viazi vitamu na ndizi katika mwanya uliojulikana na watu wawili au watatu. Mchana alipokea mshahara wake. Baada ya vita alipata cheti cha uaminifu, kile kilichowawezesha Wakikuyu, Waembu na Wameru wachache kupiga kura katika uchaguzi wa Machi 1957 huku majirani zao wakiwa kizuizini. Hakukirudisha.

Alipofariki, uzeeni, maneno yaligongana kaburini. Mzee mmoja wa ukoo alisema asiitwe mpigania uhuru, kwa kuwa kila mtu alimjua kuwa nani. Mwanawe mkubwa alitaka asomewe wasifu wa mzalendo. Bibi pekee ndiye aliyekuwa na habari ya viazi, na ushahidi wa mke haukupokelewa. Jiwe liliwekwa lenye jina na miaka miwili, ya kuzaliwa na ya kufa, basi.

Wanahistoria sasa wanajua kwamba habari kama hii si ya ajabu. Daniel Branch, katika kitabu chake cha mwaka 2009 juu ya waliokuwa upande wa serikali, ameonyesha jinsi utii wa watu wa mkoa wa kati ulivyohama na kuchanganyika, na jinsi mtu mmoja alivyoweza kula kiapo na kisha kushika mkuki. Lakini mwanahistoria anazungumzia wengi. Mjukuu alitaka kumzungumzia mmoja.

Hapa ndipo pingamizi zake dhidi ya kanuni zilipopata uzito. Kanuni ya 1978, alisema, ni ya cheti cha uaminifu: inamtaka mtu aiache nafsi yake ya kwanza kabisa, na akiigusa tena, yote aliyoyachuma yanafutwa. Mfumo huo una historia ndefu huku mlimani. Mwaka 1929, wakati wa mgogoro wa tohara ya wanawake, misheni ya Kiskoti iliyokuwa Tumutumu na kwingineko iliwataka waumini watie kirore, alama ya kidole gumba, kuthibitisha kwamba wamekiacha kimila hicho. Pande zote za mlima zimewahi kudai kidole gumba cha mtu. Kanuni ya mwaka 2000, kwa upande wake, ilikuwa na kosa lililo kinyume: iliifanya kazi ya pili kuwa mali ya kununuliwa. Mchezaji huchukua ngazi hapa na ngazi pale ili mhusika wake awe na nguvu zaidi. Babu hakuwa na nguvu zaidi kwa kuwa watu wawili. Kila nusu yake iliihatarisha nusu nyingine.

Ni vyema kukumbuka pia kwamba mipaka ya kazi katika kitabu cha kanuni si mipaka ya kila jamii. Katika jamii ya Wakikuyu mhunzi alikuwa fundi wa chuma na wakati huo huo mtu ambaye laana yake iliogopwa. Huwezi kuzitenga kazi hizo mbili kama fundi na kasisi, kwa maana nguvu ya moja ilitokana na nyingine. Na Muthoni wa Kirima wa Nyeri, aliyefahamika kama mwanamke pekee aliyefikia cheo cha Field Marshal msituni na aliyefariki mwaka 2023, alianza kwa kuwapelekea wapiganaji chakula na habari. Ni nani atakayesema hasa ni siku gani mchukuzi alikwisha na mpiganaji akaanza?

Hitimisho

Majadiliano yalichukua Jumamosi tatu, na dadu hazikurushwa. Hatimaye waliandika kanuni yao wenyewe. Mhusika angekuwa na kazi zote mbili tangu mwanzo, na kila moja ingekua kwa kutumiwa, kama katika RuneQuest. Hangekatwa alama za tajiriba. Badala yake, nyuma ya karatasi yake yaliandikwa majina ya mashahidi, yaani wale wanaozijua kazi zake zote mbili. Waliandikwa watano. Kila alipotumia kazi moja mbele ya watu waliomjua kwa nyingine, dadu ilirushwa. Ikianguka vibaya, shahidi mmoja alipotea. Aliweza kufa, kuhama, kukamatwa, au kuogopa akanyamaza. Mhusika asiye na shahidi hata mmoja hafi. Anaendelea kuishi, ila kuanzia siku hiyo ni kile tu ambacho mtazamaji aliye mbele yake anataka awe.

Kwa maoni yanayotolewa hapa, kanuni hiyo ya chumba cha kupanga inausaidia uhakiki kuliko mgawanyo wa bapa na duara. Inatuelekeza tumwulize mhusika mwenye kazi mbili si kwamba amekua kiasi gani, bali ni nani katika matini anayeziona kazi hizo zote, na matini inamfanya nini mtu huyo. Kwa kipimo hicho Saada si kijakazi wa kupita tu katika utendi, na Mvulana si chombo tu cha kubebea mkate. Hao ndio wanaoshikilia umoja wa mhusika mkuu. Aidha, kipimo hiki kinalirudisha lile neno "tabaka" ambalo wanafunzi waliliacha, kwa kuwa si kila shahidi husikilizwa. Kijakazi, mtoto, mke: fasihi imewapa ushahidi watu ambao mahakama na mikutano ya ukoo huwaweka nje. Bibi wa mwanafunzi huyo alikuwa mmoja wao.

Inafaa pia kukiri upungufu wa kanuni hii. Inamfaa mtu mwema aliyejificha, na inamfaa vilevile mtu mbaya anayedai baada ya vita kwamba alikuwa mwema kwa siri. Nyeri imewaona wote wawili, na hakuna dadu inayoweza kuwatenganisha. Msimulizi alilisema hilo mezani, na mwanafunzi hakulikanusha. Alijibu tu kwamba jiwe la kaburi nalo haliwatenganishi.

Mchezo ulipofungwa, wahusika wengine walikuwa wamefika ngazi za juu. Mlinzi wa boma alikuwa amebaki na shahidi mmoja, mwanamke mzee wa kubuni aishiye ng'ambo ya handaki. Tangu hapo mwanafunzi amekuwa akisafiri mwishoni mwa juma kwenda vijiji vilivyo kandokando ya msitu, upande wa Karatina na Kiganjo, kuwauliza waliokuwa watoto mwaka 1954 kama wanakumbuka mwanya katika handaki. Baadhi wanaukumbuka mwanya. Bado hajampata anayemkumbuka mlinzi. Jina na ile miaka miwili vinabaki kwenye jiwe kama vilivyo, na chini yake fundi aliacha nafasi ya mstari mmoja.